Mkebe wa Tope la Naro Moru

Kabla sijasema lolote, kila mmoja wenu atoe penseli. Si kalamu, penseli. Nimewaona mnavyoandika vibandiko vya chupa kwa kalamu za wino za kupendeza, halafu mnamimina spiriti, wino unayeyuka, na mwisho wake mna chupa ya maji ya buluu yenye wadudu ambao hakuna anayejua walitoka wapi. Penseli haiyeyuki. Andika mahali, siku, na nani aliyechota. Kikaratasi hicho kitumbukize ndani ya chupa pamoja na wanyama wenyewe, maana kibandiko cha nje hubanduka na vifuniko huchanganywa. Hilo ndilo somo langu lote. Mengine nitakayosema ni ya kuwaeleza kwa nini mama mzee wa Ruring'u hukosa usingizi kwa sababu ya penseli.

Mnaniita Cucu, yaani bibi, na sina shida na hilo. Wenzangu waliniita Mama Kimani. Maisha yangu ya kazi nimeyamaliza katika kituo kidogo cha kuchunguza maji hapa Nyeri, nikivuta wavu ndani ya mabwawa, mito, mashamba ya mpunga na vile viziwa vya juu mlimani ambavyo asubuhi vina ngozi ya barafu. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nilikuwa nasema ya maji. Ukiwaambia unatafuta mnyama mdogo kama nukta, wanakuangalia halafu wanamuuliza mume wako kama mko sawa nyumbani.

Wanyama wenyewe ni ukoo wa kaa. Yule kaa wa mtoni mliyekuwa mkimchokoza na kijiti ni binamu yao mkubwa. Hawa wadogo wana gamba laini linaloonyesha ndani, miguu mingi kama nyuzi, na moyo unaouona ukipiga bila kumpasua. Wengine huruka ruka majini kama viroboto. Wengine hujifungia ndani ya gamba kama mbegu ya maharagwe iliyopungua. Na wengine, hawa ndio nitakaowaelezea, huogelea chali, tumbo juu na mgongo chini, kama mtu aliyeshiba akapitiwa na usingizi.

Aliyenifundisha ni Bwana Ndirangu. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kofia ya sufu ambayo hata kanisani aliivua kwa shingo upande. Siku ya kwanza kunipeleka kazini hakunipeleka kwenye maji. Alinipeleka kwenye hoteli ya chai pale Naro Moru, akaagiza chapati moja, akaiweka katikati ya meza.

"Hii ni dunia," akasema. "Zamani nchi zote zilikuwa zimeshikana hivi. Na hao wanyama wetu tayari walikuwa ndani ya madimbwi yake."

Akaanza kuichana taratibu. Kipande hiki Afrika, hiki Amerika ya kusini, hiki Australia. Kila kipande kiliondoka na madimbwi yake na wanyama wake, akasema, ndiyo maana leo unakuta ndugu wa baba mmoja pande mbili za bahari ambayo hawawezi kuivuka. Walianzia baharini. Samaki walipozidi, wenye miili laini kama hawa waliliwa wakabaki wale waliokimbilia mahali samaki hawezi kuishi. Na samaki hawezi kuishi wapi? Nikasema sijui. "Kwenye dimbwi linalokauka," akasema, akila Australia. "Walichagua taabu, Mama Kimani. Walichagua kufa kila mwaka ndiyo wasiishe."

Nilidhani ananitania. Kumbe ndivyo ilivyo. Dimbwi likianza kukauka, mama hutaga mayai yenye ganda gumu, yeye anakufa, na mayai yanabaki kwenye tope. Tope linapasuka, ng'ombe wanalikanyaga, jua linalichoma, upepo unalipeperusha. Yai halijali. Linaweza kungoja miaka. Linaganda kwenye mguu wa bata na kushuka kwenye ziwa lingine. Linamezwa na bata na kutoka upande wa pili likiwa zima. Nyati akigaagaa kwenye matope huondoka nayo mgongoni hadi bonde lingine. Ndivyo walivyoenea dunia nzima bila kuwa na mabawa. Na mvua ikinyesha hawaamki wote. Wengine wanaamka, wengine wanaendelea kulala, endapo hiyo mvua ni ya uongo. Mlima huu wetu mnaouimbia nyimbo ni mtoto mbele yao. Ulipokuwa ukitapika moto, ukoo wao ulikuwa umeshazeeka.

Wale viroboto wa kawaida wa mabwawani nao wana vituko vyao. Mambo yakiwa mazuri, wanawake huzaa wanawake bila kuhitaji mwanamume. Mambo yakiharibika ndipo wanazaa wanaume. Niliposimulia hilo kwenye chama chetu cha akina mama, hakuna aliyeshangaa.

Msidhani kazi ilikuwa ya heshima. Tulikuwa na dereva aliyegundua kwamba spiriti yetu ni pombe safi, akawa anaipunguza kwenye chupa na kuongeza maji. Safari moja tulirudi kutoka mlimani na vielelezo vimeoza, vinanuka kama mfereji. Ndirangu alimfuata akamuuliza kwa upole kama alimeza na wanyama pia. Yule mtu akasema alichuja kwa leso. "Basi leta hiyo leso," Ndirangu akasema, na kweli tulipata miguu miwili mitatu juu yake.

Jambo alilokuwa mkali kabisa ni wavu mbichi. Tukitoka Wang'uru kwenye mashamba ya mpunga, hakuna kupita kwenye maji mengine kabla nyavu na buti hazijasuguliwa, zikamwagiwa maji ya moto na kuanikwa juani. Mpunga ni mgeni, na wageni huja na mizigo. Kwenye majaruba kuna wanyama wa gamba la maharagwe waliosafiri na mbegu na matope kutoka mbali, kutoka nchi zinazolima mpunga tangu zamani, na wakifika mahali papya hawaombi ruhusa. Zamani alikuwa bata aliyewabeba, mmoja leo, mwingine kesho kutwa. Siku hizi ni sisi, kwa meli, lori na buti. Viziwa vya mlimani vilivyotiwa trauti na wakoloni waliotaka mchezo wa kuvua, huko usipoteze muda na wavu. Samaki walishakula kila kilichoogelea polepole. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema hawa ni vijidudu tu vya kila mahali, mwambieni si kila mahali.

Sasa niwaambie juu ya Karia.

Nje ya Naro Moru kulikuwa na uwanja wa mawe ambapo mvua za masika zikinyesha kunatokea kidimbwi. Wenyeji walikiita Karia, yaani kaziwa. Ng'ombe walikunywa hapo, watoto wakarusha mawe. Msimu mmoja Ndirangu akatia wavu, akamwaga kwenye karai jeupe tunalotumia ili kuwaona vizuri, na wakatokea wale wanaoogelea chali. Lakini hawakufanana na wowote tuliokuwa nao kwenye chupa. Pembe za dume, zile anazomshikia jike, zilikuwa na umbo lingine kabisa, na mfuko wa mayai ulikuwa na rangi ya kutu. Alikaa amechuchumaa juu ya lile karai mpaka magoti yakakataa kunyooka, nikamsaidia kusimama.

"Hawa sijawahi kuona," akasema. "Na sidhani kuna mtu ameshawaona."

Alitafuta kila dimbwi la upande ule hadi njia ya Nanyuki. Hawakuwapo. Karia peke yake. Alichukua wachache tu kwenye spiriti, ile ile ya dereva, na mkumbuke nilivyosema ilivyokuwa. Walioza. Hakuvunjika moyo. Karia ilipokauka, akakwangua tope kavu la juu akajaza mkebe wa mafuta ya kupikia, na akasema msimu ujao tutachukua madume na majike wazima, wapimwe, wachorwe, wapewe jina kama watu wengine.

Msimu uliofuata mvua ilikuja vizuri, na Karia ikajaa. Wakati huo chifu aliitisha baraza na akamwomba Ndirangu awaambie wananchi tunachofanya pale na nyavu zetu, maana maneno yalikuwa yameanza. Ndirangu hakuwa mtu wa kuongea mbele ya watu, lakini siku hiyo alikuwa na furaha kama bwana harusi. Shida ilikuwa jina. Pwani wana neno zuri, uduvi. Alikuwa amelisikia Mombasa alipoenda mafunzo. Asubuhi ile tukipanda pikipiki aliniuliza, "Nikisema uduvi, watu wa Naro Moru wataelewa?" Nikasema hata mimi sielewi. Basi akachagua neno ambalo kila mtu analijua.

Akasimama, akavua kofia. "Hapa kwenu Karia," akasema, "mko na viroboto wa maji ambao hawako mahali pengine popote duniani."

Niliona akina mama wakiangalia miguu ya watoto. Mkumbuke, miaka hiyo funza walikuwa wamekula vidole vya watoto wengi upande ule, na watu wa afya walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakisema funza ni ndugu ya kiroboto na viroboto ndio wanaoleta tauni.

Cucu mmoja akauliza, "Hao viroboto wanauma watu?"

"Hapana, cucu, hawaumi. Wanakula tu uchafu ulio ndani ya maji."

"Uchafu," yule mama akarudia, akamwangalia jirani yake.

Siku chache baadaye, tuliporudi Karia na nyavu na chupa mpya na spiriti ambayo mimi mwenyewe niliifungia kabatini, tulimkuta Baba Njoki kando ya maji. Alikuwa jirani wa karibu na Karia, mtu mwema, mzee wa kanisa, ambaye wajukuu wake walikuwa wamesumbuliwa na funza mpaka mmoja akaacha shule. Alikuja akitushika mikono.

"Daktari, usiwe na wasiwasi tena," akamwambia Ndirangu, ambaye hakuwa daktari wa chochote. "Hiyo viroboto nimemaliza yote. Tulichanga dawa ya ng'ombe, ile ya kupe, nikapiga pampu mpaka katikati. Hata moja haijabaki."

Maji yalikuwa yametulia, na juu yake kuna utando wa mafuta unaong'aa rangi nyingi. Vyura walielea matumbo juu. Bata mmoja wa porini alikuwa amelala ukingoni, shingo ndani ya maji. Ndirangu alitia karai, akachota, akatazama. Wote walikuwa chini ya karai, wameinama kama nyuzi zilizokatwa. Na wale wanaoogelea chali maisha yao yote, wakishakufa wanalala ubavu.

Nilingoja amtukane yule mzee. Mimi nilikuwa na maneno yangu tayari. Ndirangu akavua kofia akamwambia, "Asante, Baba Njoki." Baadaye garini nikamuuliza asante ya nini. Akasema, "Sasa ningemwambia nini? Mimi ndiye nilisema ni viroboto. Unajua mtu afanye nini na viroboto?"

Tangu siku hiyo hakulitumia tena neno lile. Hakutumia neno lolote. Alisema tu "wale."

Mtaniuliza, si mayai yalikuwa kwenye tope? Yalikuwa. Hapo ndipo uchungu wenyewe. Dawa ile iliingia kwenye tope ikakaa. Mvua ikinyesha, yai haliwezi kujua kwamba maji yana sumu, linajua tu kwamba ni maji. Sehemu ya mayai inaamka, watoto wanatoka, wanakufa. Msimu unaofuata wengine wanaamka, wanakufa. Tulikuwa tunakwenda kuwaona. Kila mara walikuwa wachache zaidi, na msimu mmoja hakutokea hata mmoja. Ule ujanja wao wa kutoamka wote, uliowavusha kila kitu tangu dunia iwe chapati nzima, ulikuwa umefika mwisho.

Kikabaki kile kimkebe. Tope la kabla ya dawa.

Nusu yake Ndirangu alijaribu kuiamsha maabarani, kwenye beseni. Waliamka, wakakua kidogo, wakafa kabla ya kuzaa, na hatukujua kwa nini. Huenda ni maji ya bomba, huenda ni sisi. Baada ya hapo hakuthubutu kugusa nusu iliyobaki. Alisema watarudi kwao Karia, siku Karia itakapopona. Alipostaafu aliondoka na mkebe, akauweka kwenye rafu ya sebuleni, kati ya redio na picha ya harusi. Na yeye, mtu aliyenifokea maisha yangu yote kwa sababu ya vibandiko, hakuandika chochote juu yake wala ndani yake. Nilimwambia. Nilimwambia zaidi ya mara moja. Alijibu, "Mara ya mwisho niliwapa jina."

Kwa hiyo tulipima maji. Nyinyi siku hizi mnachuja maji, mnapeleka kwenye mashine, inasoma vinasaba na kuwaambia nani alipita hapo. Ni vizuri, sina wivu. Sisi tulichukua viroboto wa kawaida kutoka bwawani, tukawatia kwenye maji ya Karia, tukangoja. Wakifa, bado. Walikufa miaka mingi. Mimi nikastaafu, nikaendelea kumsaidia kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuwa na ukungu. Halafu mwaka jana, wakati wa mvua fupi, nikamletea chupa ya maji kutoka Karia, tukatia viroboto wetu jioni, na asubuhi nikarudi kwake nikawakuta wanaruka. Majike wana mayai mgongoni. Nilimweleza nilichokiona. Akataka kushika chupa, akaiweka sikioni kama mtu anayesikiliza saa, akacheka, na mimi nikalia.

"Mvua kubwa ikija," akasema, "tunawarudisha."

Alianguka bafuni kabla ya mvua kubwa. Presha. Hakuamka.

Mazishi yalifanyika shambani kwake, nje kidogo ya Ruring'u. Nilikaa nyuma na wanakwaya. Nilikuwa nimeshapanga kwamba baada ya siku chache, watu wakiisha kwenda, nitamwendea mke wake, Mama Wangechi, nimwombe mkebe. Sikutaka kuomba kitu nyumba ikiwa na msiba. Hiyo ndiyo adabu tuliyofundishwa.

Wakati wa kutia udongo ulipofika, mchungaji alitia, watoto wakatia. Halafu Mama Wangechi akafungua shuka aliyojifunga, akatoa mkebe.

Alisimama kando ya kaburi, akasema kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Mnajua mzee wangu alizaliwa Naro Moru. Baba yake alikuwa kibarua kwa shamba la mzungu, na hawakupata hata kipande huko. Alileta huu udongo wa kwao, na hakuniambia ni wa nini. Lakini nilikuwa namwona akiushika, ananyamaza. Mke anajua." Akafungua kifuniko. "Enda na udongo wa kwenu, Baba Wangechi."

Na akaumwaga.

Mdomo wangu ulifunguka. Nilikuwa mbali, kati ya watu, na upepo ulikuwa unavuma, na wanawake walikuwa wameanza wimbo. Ningepiga kelele ningesema nini? Ngoja, hao ni viroboto? Lile vumbi lilishuka juu ya jeneza. Kidogo lilipeperushwa likaangukia rundo la udongo pembeni. Halafu vijana wakaanza kupiga sepetu.

Sijamwambia. Hapa nawaambia nyinyi kwa sababu hamumjui, na kwa sababu mnaandika kwa kalamu za wino. Mama Wangechi analala vizuri. Anaamini ndilo jambo moja alilomfanyia mumewe ambalo hakuhitaji kuambiwa, na mimi sina moyo wa kumnyang'anya hilo. Kilichoko chini juu ya jeneza kimekwisha. Yai linahitaji maji na mwanga, na kule hakuna mwanga. Lakini rundo la pembeni, lililoangukiwa na vumbi lile, lilirudishwa kaburini mwisho, likawa ndilo la juu.

Mvua kubwa ilianza. Kaburi liliposhuka katikati, kama makaburi mapya yanavyofanya, likashika maji. Nilikwenda na lenzi yangu mfukoni, nikapiga magoti kama mtu anayeomba, nikatazama. Viluwiluwi vya mbu. Nikarudi tena baada ya mvua nyingine. Mbu.

Juzi Mama Wangechi alitoka jikoni akanikuta pale nimeinama. Alikuja akapiga magoti kando yangu, akanishika bega.

"Mama Kimani, unampenda sana mzee," akasema. "Mimi nimeona. Nilikuwa nataka kukuuliza. Fundi amesema anaweza kuja hii wiki tuweke simiti, hii maji isikuwe inakaa hapa ikiharibu. Unaonaje?"

Niliangalia yale maji.

"Ngoja mvua moja zaidi ipite, Mama Wangechi," nikamwambia. "Udongo haujamaliza kushuka."